Rangi, Mpako na Msasa: Uhakiki wa Istilahi za Upakaji wa Makabati ya Jikoni

Kazi ya kupaka rangi kabati la jikoni huonekana nyepesi machoni pa asiyeifanya. Kopo hununuliwa, brashi huchovywa, mbao hufunikwa. Lakini mtu akipewa maelezo ya kazi hiyo kwa maandishi ya Kiswahili, yawe ya mkataba wa ujenzi, ya kopo la rangi au ya kitabu cha mafunzo ya ufundi, atagundua upesi kwamba maelezo hayo hayamwezeshi kuifanya kazi ikadumu. Sababu yake si uhaba wa maneno. Sababu ni kwamba maneno yaliyotumika hayatenganishi mambo ambayo fundi hana budi kuyatenganisha. Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki maneno hayo, kuonyesha yanapokosea na yanapofaulu, na mwishowe kutoa mapendekezo machache kwa watafsiri, walimu na watumishi wa serikali ambao ndio hasa huyaandika.

Tumechagua kabati la jikoni, wala si ukuta wa sebule, kwa sababu jikoni ndiko rangi inakojaribiwa kuliko pengine popote nyumbani. Mvuke wa sufuria, moshi, mafuta yanayoruka kutoka kikaangoni, mikono yenye maji na vyombo vinavyogonga, vyote hukutana juu ya ubao mmoja. Kosa dogo la maandalizi ambalo ukuta wa sebule ungelivumilia kwa miaka, kabati la jikoni hulifichua kwa miezi. Basi hapo ndipo lugha ya maelezo nayo inapopimwa.

1. Mzigo wa neno "rangi"

Tuanze na neno lenyewe. Rangi ni ile sifa ya kitu inayotambuliwa na jicho: wekundu, weusi, umanjano. Rangi ni pia kile kiowevu kilichomo ndani ya kopo. Tena rangi ni dawa inayotiwa katika nguo au katika ukindu wa kusukia mikeka. Katika mazungumzo neno hili moja halimsumbui mtu, kwa maana wanaozungumza wanaona kile wanachokitaja. Taabu huanza pale neno linapoingizwa katika maandishi yenye nguvu ya amri, na anayeyasoma hayupo pamoja na aliyeyaandika.

Tuchukue sentensi ifuatayo, ambayo tumeitunga kwa kufuata mtindo wa maelezo ya kazi za nyumba za watumishi: "Makabati yote ya jikoni yapigwe msasa na kupakwa rangi ya mafuta mara tatu." Aliyeandika maelezo ya asili, ambaye mara nyingi huwa ameyafikiri kwa Kiingereza, alikusudia vitu vitatu tofauti. Kitu cha kwanza ni cha kuushika ubao: hupenya katika matundu yake na kuacha uso ambao rangi inayofuata itaweza kuung'ang'ania. Cha pili ni cha kufunika na kusawazisha: kina chembe nyingi za rangi, hakina mng'ao, na huficha madoa na alama za puti. Cha tatu ni cha kukinga: kina gundi nyingi zaidi, nacho huzuia maji na kuvumilia kusuguliwa. Hivi si kitu kimoja kilichorudiwa mara tatu. Hutengenezwa mbalimbali, huuzwa katika makopo mbalimbali, na kila kimoja kina kazi ambayo kingine hakiiwezi.

Sasa mkandarasi anaisoma sentensi hiyo ya Kiswahili. Ananunua rangi moja ya kung'aa na kuipaka mara tatu juu ya ubao mtupu. Ametimiza kila neno la mkataba. Rangi hiyo ikibambuka kabla ya mwaka kwisha, mkaguzi hana pa kumshika, kwa kuwa kosa halimo katika kazi bali limo katika sentensi. Hasara humwangukia mwenye nyumba, na nyumba ikiwa ya serikali, hasara ni ya umma mzima. Hapa tunaona kwamba istilahi si pambo la maandishi. Ni sehemu ya mkataba kama vile ilivyo bei.

Zaidi ya hayo, sentensi hiyo haisemi lolote juu ya mbao zenyewe. Mbao za msonobari, ambazo wengi wetu huziita paini na ambazo hupandwa kwa wingi katika shamba la miti la Sao Hill huko Mufindi, huwa na mafundo yenye ulimbo. Ulimbo huo hupenya rangi na kutokeza doa la kahawia hata baada ya mipako mitatu, isipokuwa fundo limefunikwa kwanza kwa shelaki, yaani ute wa mdudu wa Bara Hindi unaoyeyushwa kwa spiriti. Mvule nao una asili yake ya kuchelewesha rangi ya mafuta isikauke. Fundi aliyezoea mambo haya huyajua pasipo kuambiwa. Lakini mkataba hauandikwi kwa ajili ya fundi mzuri peke yake.

2. Kwanza, awali au msingi?

Mafundi wenyewe wanaitambua tofauti ya mipako, ndiyo maana wameazima maneno: praima, andakoti, na kwa ule wa mwisho, finishi. Hatuwezi kuwalaumu. Karakana haingoji vikao vya wanaistilahi. Hata hivyo, maneno haya yana upungufu mmoja mkubwa kwa anayejifunza: hayajifafanui. Kwa kijana aliyefundishwa kazini kwa kutazama tu, "praima" ni jina la kopo, halimwelezi kopo hilo lipo kwa sababu gani. Asipolipata dukani, ni rahisi kwake kuamua kwamba rangi yoyote iliyotiwa thina nyingi itafaa badala yake, kwa kuwa nayo itapakwa kwanza.

Mtafsiri anayelikwepa neno "praima" kwa kawaida hushika mojawapo ya njia mbili. Njia ya kwanza ni kusema "rangi ya kwanza" au "rangi ya awali". Kasoro yake ni ileile tuliyokwisha kuiona: yataja zamu, haitaji kazi. Rangi ya kung'aa iliyozimuliwa na kupakwa mwanzo nayo ni ya kwanza, na aliyeipaka hajavunja agizo.

Njia ya pili ni kusema "rangi ya msingi". Hii ni bora sana. Msingi ni neno la wajenzi, na kila mtu anafahamu kwamba msingi wa nyumba si ukuta uliotangulia. Hujengwa kwa namna nyingine, kwa kazi nyingine, na ukuta husimama juu yake. Neno hilo hueleza kazi ya mpako huo pasipo ufafanuzi. Lakini hapa tunakwama kwa sababu ya mzigo wa neno "rangi". Mwalimu wa sanaa anapowaambia wanafunzi wake juu ya "rangi za msingi", anakusudia nyekundu, njano na buluu, zile ambazo kwazo nyingine huchanganywa. Mwanafunzi huyohuyo akienda kwenye chuo cha ufundi atakuta "rangi ya msingi" ikiwa na maana isiyohusiana kabisa na ile ya kwanza. Istilahi moja kwa dhana mbili, katika masomo mawili yanayokaribiana, ni jambo ambalo kanuni zetu zinalikataza, na kwa haki.

Maoni yetu ni kwamba kosa halimo katika "msingi" bali limo katika "rangi". Kiswahili kinalo neno "mpako", linalotokana na kitenzi kilekile tunachokitumia kila siku, "paka". Wakristo wanalitumia kwa mafuta matakatifu, na matumizi hayo hayazuii chochote, kwa maana muktadha wake uko mbali. Tukisema "mpako wa msingi", "mpako wa kati" na "mpako wa juu", tumepata mfumo wenye sifa tatu. Kwanza, maneno yote yamejengwa kwa namna moja, hivyo ukilijua moja umekaribia kuyajua yote. Pili, mpako ni kitu kinachohesabika, na mkaguzi anahitaji kuhesabu. Tatu, neno "rangi" linabaki na kazi zake za kawaida, bila kulazimishwa kubeba kila kitu.

Je, tuyatupe majina "rangi ya mafuta" na "rangi ya maji"? La, hasha. Majina hayo yanajibu swali jingine, nalo ni swali la lazima: kitu hiki kimeundwa kwa nini, kizimuliwe kwa nini, na brashi ioshwe kwa nini. Makosa ya maelezo mengi ni kujibu swali la umbo na kuliacha la kazi. Maelezo kamili hujibu yote mawili: "mpako wa msingi wa mafuta", "mpako wa juu wa maji". Hapo hapana fundi awezaye kusema kwamba hakuelewa.

3. Mafunzo ya msasa na ya sandarusi

Ili tuone kwamba tunachokipendekeza si kigeni kwa lugha yetu, tuangalie maneno mawili ya zamani ya kazi hii. La kwanza ni msasa. Msasa kwa asili ni mti, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus exasperata. Majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao na vyombo vya mti muda mrefu kabla ya karatasi yenye mchanga kufika madukani. Karatasi hiyo ilipofika, haikuitwa karatasi ya mchanga. Iliitwa msasa, kwa sababu ilifanya kazi ya msasa. Kisha neno likasafiri tena: leo tunasema mswada umepigwa msasa, au walimu wamepigwa msasa katika semina. Neno limetoka katika jani likaingia katika karatasi, likatoka katika karatasi likaingia katika fikra, wala halikupotosha mtu njiani, kwa sababu wakati wote lilifuata kazi.

Neno la pili ni sandarusi. Hii ni gundi ngumu ya mti wa msandarusi, Hymenaea verrucosa, na ile iliyo bora zaidi ilichimbwa ardhini katika mwambao wetu, mahali pengine ambapo miti yenyewe ilikuwa imekwisha kutoweka. Katika karne ya 19 sandarusi ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za Unguja. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, na kufunguliwa kwa ubalozi mdogo wa Marekani huko Unguja mwaka 1837, shehena nyingi zilikwenda Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikasafishwa huko na kutengenezwa vanishi ya samani na ya magari ya farasi. Kwa hiyo kile kitu tunachokinunua leo kwa jina la kigeni, vanishi, kiliwahi kutengenezwa kwa mali iliyotoka kwetu yenye jina letu.

Historia hii inaweza kumshawishi mpenzi wa lugha aseme: basi tuitupe "vanishi" tuseme "sandarusi". Sisi hatukubaliani na rai hiyo, ijapokuwa tunauelewa uchungu wake. Sandarusi ni jina la kitu, si la kazi. Vanishi nyingi za siku hizi hazina sandarusi hata chembe. Zimetengenezwa viwandani kwa kemikali nyingine. Tukiziita sandarusi tutakuwa tumeliheshimu neno na kumdanganya mnunuzi. Neno la asili lisilo kweli si bora kuliko neno la kukopa lililo kweli. Vanishi ibaki vanishi, na sandarusi ibaki jina la sandarusi.

Kutokana na maneno haya mawili tunapata kanuni tunayotaka kuisisitiza: jina likifuata kazi, huweza kuhama pamoja na kazi kitu kinapobadilika. Likifuata kitu, halina budi kubaki na kitu hicho. Kwa kanuni hiyo tunaweza hata kurudisha maneno yanayolala. Kati ya kabati na ukuta huwa pana ufa mwembamba. Fundi akiuziba kwa puti, puti hukauka ikawa ngumu, na ubao unapovimba au kunywea puti hupasuka. Kinachohitajika ni kitu kinachoziba na huku kinanyumbuka. Waunda vyombo wa pwani wanaifahamu kazi hiyo tangu zamani: kuziba nafasi kati ya mbao za jahazi, ambazo haziachi kucheza. Huiita kalafati. Kazi ni ileile, ingawa pamba na mafuta vimepisha bomba la plastiki. Kwa nini basi tutafute neno jingine?

4. Istilahi si nomino peke yake

Watafsiri wengi wakisikia "istilahi" hufikiri majina ya vitu. Orodha zetu za tangu miaka ya 1970 zimejaa nomino, na vitenzi ni haba. Lakini kazi ya mikono huelezwa kwa vitenzi, na Kiswahili ni tajiri mno upande huo. Utajiri huu unatupwa ovyo.

Tazama neno "safisha". Katika maelezo yaliyotafsiriwa tunakuta "safisha kabati kabla ya kupaka". Je, msomaji afute vumbi kwa kitambaa? Aoshe kwa maji? Kabati la jikoni lina utando wa mafuta na masizi ambao hauonekani vizuri kwa macho, na utando huo usipoondolewa kwanza, msasa huusukuma ndani ya matundu ya mbao. Rangi itakayopakwa juu yake haitashika. Agizo linalofaa ni kutoa mafuta kwa maji ya sabuni kali au ya magadi, kisha kusuuza, kisha kuacha pakauke. Lugha inayo maneno yote: kukwangua rangi iliyolegea, kutoa mafuta, kusuuza, kuziba mashimo, kupiga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, kupangusa vumbi. Kila kitenzi ni hatua, na mpangilio wake ndio ufundi wenyewe. "Safisha" hulifunika hilo lote kwa shuka moja.

Upungufu huohuo hujitokeza tunapoeleza jinsi rangi inavyoharibika. Katika ripoti za ukaguzi husomwa kwamba rangi "imeharibika" au "imetoka". Wenye lugha, kwa upande wao, wameyatoa maneno ya maradhi ya rangi katika ngozi ya mwanadamu na ganda la mti, na kila neno lina sababu yake. Rangi imebambuka: imeachana na ubao vipande vipande kama ganda, dalili ya kwamba ilipakwa juu ya mafuta au juu ya uso usiopigwa msasa. Rangi ina malengelenge: chini yake mna unyevu au mvuke uliotafuta njia ya kutoka. Rangi imebabuka: moto wa jiko umeiunguza. Rangi imechubuka: imesuguliwa na mikono na vyombo, na hilo huenda likawa uchakavu wa kawaida tu. Rangi imepauka: jua limeifisha. Rangi imechuruzika: ilipakwa nzito mno. Rangi ina nyufa: mpako mgumu umewekwa juu ya mpako ambao ulikuwa haujakauka vema.

Mkaguzi anayeandika "imebambuka" ameandika ugonjwa pamoja na chanzo chake, na anayepaswa kulipa gharama anajulikana. Anayeandika "imechubuka" amemwondolea mkandarasi lawama. Lakini yule aandikaye "imeharibika" hakusema kitu, na mabishano yataendelea mpaka faili lisahauliwe.

5. Kukauka si jambo moja

"Iache ikauke." Sentensi hii fupi imo katika maelezo mengi, nayo imeharibu makabati mengi. Rangi ya maji hukauka kwa maji kuruka hewani na chembe za gundi kukaribiana hata zikaungana. Rangi ya mafuta hufanya zaidi ya hapo: thina ikiisha kuruka, mafuta yenyewe huungana na oksijeni ya hewa na kugeuka pole pole kuwa kitu kigumu. Kwa hiyo rangi inaweza kuwa kavu kwa ncha ya kidole baada ya saa chache, ikawa tayari kupokea mpako mwingine kesho yake, na bado ikahitaji siku nyingi, hata wiki kadhaa, kabla haijawa na ugumu wake kamili. Mama mwenye nyumba akiambiwa atumie kabati "rangi ikishakauka", atagusa kwa kidole, ataridhika, na jioni hiyohiyo atapanga sufuria zake. Asubuhi sufuria zitakuwa zimeshikana na rafu.

Hapa tunapendekeza kitenzi "komaa". Embe huweza kuonekana zuri likiwa halijakomaa, na rangi vilevile. Rangi iliyokauka inagusika. Rangi iliyokomaa inavumilia kazi. Maelezo yakisema "rangi hukauka kwa saa kadhaa lakini hukomaa baada ya wiki kadhaa", kila msomaji ataelewa kwamba ni mambo mawili.

Vivyo hivyo "changanya na thina". Kuchanganya hakuna kipimo wala lengo. Lugha inalo neno "zimua", tunalolitumia kwa uji mzito au kwa kinywaji kikali, nalo lina maana ya kupunguza ukali au uzito kwa kutia kiowevu kingine. Tuseme rangi izimuliwe, kisha tutaje kwa kiasi gani.

6. Risasi, na mwaka usio wetu

Tumeacha mwisho jambo lililo zito kuliko yote, kwa sababu linagusa uhai. Rangi za zamani za mafuta mara nyingi zilitiwa madini ya risasi. Fundi anapopiga msasa mkavu juu ya rangi hiyo, vumbi lake huenea jikoni, hutua juu ya chakula na sakafuni ambako watoto hutambaa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaodhurika zaidi, hasa katika akili.

Neno "risasi" lina maana mbili, ya madini na ya kile kitokacho katika bunduki. Onyo la mkato, "Jihadhari na risasi", likibandikwa mlangoni mwa nyumba inayokarabatiwa, litamkimbiza mpita njia kwa sababu isiyo yake. Heri tuandike "madini ya risasi" kila mara katika maonyo ya namna hii.

Lakini kosa kubwa zaidi ni la tafsiri. Vitabu vya ufundi vinavyotoka Marekani huonya kwamba nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978 huenda ina rangi yenye risasi. Mtafsiri mwaminifu kwa maneno hulihamisha onyo hilo kama lilivyo. Msomaji wa Dodoma au Tanga mwenye nyumba ya mwaka 1995 hushusha pumzi na kupiga msasa bila hofu. Ukweli ni kwamba mwaka 1978 ni mwaka ambao Marekani ilipiga marufuku risasi katika rangi za majumbani. Kwetu hauna maana yoyote. Uchunguzi uliofanywa nchini katika miaka ya 2000 na 2010 uliendelea kukuta risasi katika baadhi ya rangi za mafuta zilizokuwa zikiuzwa madukani. Hivyo tafsiri iliyo sahihi kwa kila neno imempa msomaji usalama wa uongo. Mtafsiri alipaswa kuuacha mwaka huo na kuandika: rangi yoyote ya zamani ya mafuta usiyoijua asili yake ichukuliwe kuwa ina madini ya risasi. Ilowanishwe kabla ya kupigwa msasa, fundi avae kinga ya pua na mdomo, watoto waondolewe, na vumbi likusanywe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe likiwa kavu.

7. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza maneno yafuatayo yatumike katika mikataba, vitabu vya mafunzo na maandishi ya makopo:

(a) Mpako: tabaka moja la rangi au vanishi lililopakwa na kuachwa likauke.
(b) Mpako wa msingi: mpako wa kushika ubao na kupokea mipako mingine.
(c) Mpako wa kati: mpako wa kufunika madoa na kusawazisha uso.
(d) Mpako wa juu: mpako wa mwisho wa kukinga na kupendezesha.
(e) Kufunga mafundo: kufunika mafundo ya mbao kwa shelaki ili ulimbo usitokeze.
(f) Kutoa mafuta: kuondoa utando wa mafuta na masizi kabla ya kupiga msasa.
(g) Kalafati: kizibo kinachonyumbuka, cha nafasi kati ya vitu viwili vinavyocheza, puti iwe ya mashimo na mikwaruzo ya ubao.
(h) Kuzimua: kupunguza uzito wa rangi kwa kiasi kilichotajwa cha thina au maji.
(i) Kukomaa: rangi kufikia ugumu wake kamili baada ya kukauka.

Tukirudi kwenye sentensi tuliyoihakiki, sasa itasomeka hivi: "Makabati yote ya jikoni yatolewe mafuta kwa maji ya magadi na kusuuzwa, yakikauka yapigwe msasa kwa kufuata nyuzi za mbao na kupanguswa vumbi, mafundo yafungwe, kisha yapakwe mpako mmoja wa msingi, mmoja wa kati na mmoja wa juu, mipako yote ikiwa ya mafuta, na kila mpako ukauke na upigwe msasa laini kabla ya ule unaofuata." Na ikiwa makabati yana rangi ya zamani, tahadhari za madini ya risasi tulizozitaja ziandikwe kabla ya neno "msasa".

Atakuwapo wa kusema kwamba sentensi hii ni ndefu mno. Ni kweli, imezidi ile ya kwanza mara nyingi. Lakini ile fupi haikuweza kumbana mtu, na hii yaweza. Kila sehemu yake inakagulika kwa macho au kwa kidole. Atakuwapo pia wa kusema kwamba fundi ataendelea kusema "praima" hata tuandike nini. Na aseme. Hatuandiki ili kumnyamazisha fundi katika karakana yake. Tunaandika ili karatasi anayotia sahihi imwambie jambo lilelile ambalo bwana wake angemwonyesha kwa mkono.

Mwisho, tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu wa vyuo vya ufundi na wale wanaokaa karibu na maseremala na waunda vyombo, watuletee maneno wanayoyasikia huko, pamoja na maelezo ya kazi ambayo kila neno hutumika. Si lazima yawe mazuri masikioni. Yatosha yawe yanatumika, na yawe yanatenganisha kile ambacho mafundi wenyewe wanakitenganisha.